Uyoga wa Chini ya Mipaini

Mama yangu,

Nimechoka, na nakuandikia wewe kwa sababu wengine nikiwaambia nimechoka wananiuliza nimefanya kazi gani. Mvua zimeanza tena. Uliponiachia nyumba hii ya Ujiji uliniachia na mlango wake, na mlangoni hapo kila msimu watu hawaishi: huyu na sufuria, yule kafunga kwenye pindo la kanga, wote swali lao ni hilo hilo, Mama Rehema hebu tuangalizie, unaliwa huu? Hakuna anayekumbuka kwamba mjuzi wa uyoga ulikuwa wewe. Mimi nilikuwa mbeba kikapu tu.

Ulivyonitembeza kwenye misitu ya miyombo ya kwenu kule juu, njia ya Kasulu, ukimwamkia kwa Kiha "mwakeye" kila tuliyekutana naye! Ulikuwa ukichimba kwa kidole mpaka mwisho wa shina uone kama kuna kimfuko, ile dalili ya sumu, unageuza kofia, unanusa. Lakini kabla ya yote hayo uliuliza umetolewa chini ya mti gani. Mtu akishindwa kujibu ulimrudishia uyoga wake, hata uwe mzuri namna gani. Watu walisema unaringa. Mimi pia, nisamehe, niliona unaringa.

Halafu siku ile mvua ilipotukimbiza tukajificha kwenye shamba la mipaini. Nilikuwa na miaka kama kumi na miwili. Chini kulikuwa na yale majani membamba, yamejaa kama godoro, na kila mahali uyoga mdogo mdogo wa rangi ya kahawia. Nikajaza kikapu haraka haraka nikijua utanisifu. Wewe uliokota mmoja ukaugeuza, ukaokota wa pili, ukaniambia hii miwili si ndugu. Mimi niliona mapacha. Ukamwaga kikapu chote. Nililia kwa hasira, ukaniacha nilie, kisha ukasema, "Mti huu umeletwa huku mimi nikiwa mtu mzima. Hakuna aliyenifundisha kinachoota chini yake." Ukajifunga kanga upya, tukarudi na njaa yetu.

Sasa nikuambie nililofanya, maana huko uliko hakuna wa kukuambia. Msimu uliopita jirani yangu, Bi Mwajuma, aliniletea bakuli la uyoga. Nilikuwa nimetoka msibani Bangwe, miguu imevimba, tangu asubuhi sijatia kitu kinywani, na nilikuwa nimeshawajibu watu sita kabla yake. Uyoga wenyewe ulikuwa mdogo, wa kahawia. Tunao wa miyomboni unaofanana nao kabisa, ule uliopenda kuukaanga kwa mawese na kitunguu. Nikageuza mmoja, nikanusa, nikatazama chini ya shina, hakuna kimfuko. Nikasema kapikeni. Sikuuliza mti. Swali moja tu, Mama, na nilikuwa mvivu wa kulitamka.

Alasiri haijafika, Bi Mwajuma na Asha, mke wa mwanawe, walikuwa wanatapika hadi wamelegea. Asha alikuwa na mimba ya miezi mitano. Hospitali daktari akauliza ni nani aliyewaambia uyoga ule unaliwa. Bi Mwajuma, sauti imemkauka, akasema wamejiamulia wenyewe. Alinisitiri. Nami nikasimama kando ya kitanda nikakubali kusitiriwa. Ninaona aibu kukuandikia hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Daktari akauliza tena, mmeuchuma wapi? Asha ndiye aliyejibu, kwenye mipaini. Hapo ndipo niliposema kwamba mimi ndiye niliyewaambia wapike, na kwamba uyoga ule hata jina lake silijui.

Daktari hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema ule mdogo wa kahawia hata waliousomea wanauchanganya, na kwamba iko sumu inayokaa kimya tumboni, mtu akajiona kapona, halafu kesho yake ndipo inaanza kazi. Basi tukakaa kuingoja hiyo kesho. Nilihesabu pumzi za Asha mpaka nikawa siamini hesabu yangu.

Walipona, Mama. Mimba haikutoka. Watu wakasema Mungu mkubwa, na mimi nasema hivyo hivyo, ila tangu siku ile sijala uyoga wa aina yoyote. Wanaokuja mlangoni nawaambia sijui. Wananuna, wanadhani nawanyima. Bi Mwajuma tunasalimiana kama zamani. Asha hakunitukana hata siku moja, ila alikata mguu. Alipojifungua nilisikia kwa watu. Nikapeleka sabuni na kanga, akavipokea mama mkwe.

Juzi mchana nikamwona Asha anaingia, mtoto mgongoni, mkononi sahani imefunikwa. Akaketi kwenye mkeka, akafunua. Ulikuwa uyoga wa njano wa miyomboni, ule ambao hapa kwetu hata watoto wanaujua, umepikwa kwa mawese, na ugali wa muhogo pembeni. Akanisogezea.

"Leo unaanza wewe, Mama Rehema."

Hakusema kwa ukali. Nikautazama uyoga ulionilea nikaona kama siujui. Nilimwonea hasira, nikajionea hasira mimi, nikakaribia kumwambia aondoke. Kisha nikamega tonge, nikachovya, nikala. Alinitazama nikimeza. Halafu akamshusha mtoto mgongoni, akamnyonyesha bila haraka, na mimi nikakaa, tukingoja kama nitadhurika. Maneno ya daktari tulikuwa tumeyasikia wote wawili. Tulijua kwamba kungoja kule hakuthibitishi chochote, kwamba ya kesho hayaonekani leo.

Mtoto akasinzia. Asha akamlaza kwenye mkeka, akanawa mikono, akaivuta sahani kwake akala.

Niishie hapa, Mama, upumzike na mimi nipumzike. Sahani yake imebaki kwangu, na haifai niirudishe tupu.

Kitinda mimba wako