Saa Isiyo na Mishale

Nyaishozi

Baba, shikamoo.

Kahawa imechanua, kijiji kizima kinanukia. Jana mzungu mmoja alinionyesha saa yake ya bei mbaya: haina mishale, mashine yenyewe ndiyo inazunguka na kutokeza namba kwenye kidirisha. Ilikuwa imesimama. Akasema haifunguliwi ila Uswisi. Nikaifungua palepale barazani, nikatoa chembe ya vumbi jekundu, ikatembea. Nikaiweka saa nne asubuhi. Akang'aka, eti ni saa kumi. Nikamwambia, “Hapa ni saa nne, na saa yako haina mshale wa kusomea upande wa pili.” Akaivaa hivyo hivyo.

Pumzisha macho, baba. Waliokucheka kwa kumrithisha binti kibano chako cha ufundi saa, wape salamu zangu.

Mwanao,
Zainabu