Kichwa Kikubali, Kiuno Kikatae

Baba Mwanaidi,

Assalamu alaykum, wewe uliyetutangulia. Hali yako sikuulizi, anayeijua ni Mola wako. Yangu nakwambia mwenyewe: mzima, na edda nimetoka. Nguo nyeupe nilipoziweka kando, watu walidhani nitakwenda kwa dada yangu Mishomoroni nikapumzike. Wapi! Nilikwenda kuvua samaki. Usicheke. Au cheka, haidhuru, kicheko chako nilikipenda hata kiliponiudhi.

Mwenye kuyaanzisha ni nduguyo Bakari. Matanga hayajapoa, keshaziulizia zile fimbo zako tatu za kuvulia. Ati mimi mwanamke nitazifanyia nini, nianikie nguo? Nikamwambia, shemeji, hazitoki nyumba hii. Akacheka, akasema basi nikimaliza edda twende sote Shelly Beach, nichague moja kwa akili yangu. Nikitoa samaki wa maana, zibaki. Nikirudi mkono mtupu, azibebe zote. Nami papo hapo nikakubali. Wanijua nilivyo, hasira za mkizi tijara ya mvuvi. Alipotoka tu nikaketi nikalia, maana fimbo zile ndizo pekee zilizobaki na harufu ya mafuta ya karafuu uliyokuwa ukijipaka viganjani.

Basi wenye kuja kuhani wakishaondoka, mimi na binti yako Mwanaidi twazitoa uvunguni. Nilikumbuka ulivyokuwa ukizipima kwa sukari. Unaikumbuka siku uliyorudi kutoka Kongowea na ile fimbo ya mtumba, yenye uzi mwekundu shingoni? Ukaning'iniza pakti ya sukari kwenye ncha, hapa hapa sebuleni, pakti ikapasuka, sukari yote jamvini kwangu. Sisimizi walihamia! Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia dirishani. Wewe kimya, umeinamisha kichwa, hadi pumzi ikaniisha. Ndipo ukasema, "Umemaliza, mama? Haya, njoo ukione kiuno chake." Ningefanyaje? Nikaja nikakiona.

Nasi tukapima vivyo hivyo, ila sukari tuliitia kikapuni, mimi si mwendawazimu kama wewe. Ile nyembamba, nusu kilo tu ikapinda mpaka mkononi. Hiyo ni tamu kwa tasi na changu wadogo, lakini samaki mwenye nguvu akikimbilia mawe, itabaki kumtazama. Ile nene anayoililia Bakari, nusu kilo haikuhisi, kilo haikuhisi. Mkononi ilikuwa kama mchi wa kutwangia. Tukachomeka ndoana kwenye mkate wa mofa, Mwanaidi akaushika akajifanya samaki, akakimbia nao kuelekea jikoni huku akipiga vigelegele. Kila nikivuta, mkate unachanika na ndoana inarudi tupu. Mkate wa watu nusura uishe, kikabaki kipande kimoja tu.

Ikaja zamu ya ile ya uzi mwekundu. Nusu kilo, ncha ikainama kwa adabu. Kilo nzima, ikainama zaidi, lakini chini yake, kiunoni, ikasimama imara. Na mkate haukuchanika. Wallahi nilikusikia sikioni: "Fimbo ya kuvulia hapa kwetu ufuoni ni ile ya kichwa kukubali na kiuno kukataa. Kichwa kisipokubali, utamchana samaki mdomo. Kiuno kisipokataa, ataingia mawe na hutamwona tena."

Siku ikafika. Bakari alikuja na rafiki zake wa barazani, wote kuja kunitazama. Miamba ile naijua tangu utotoni, nikichokoa pweza na marehemu mama, sikuhitaji kushikwa mkono. Alipoona nimeshika fimbo ya mtumba akanisihi kwa huruma ya uongo, shemeji, mawe haya hayataki mchezo, chukua nene. Nikamwambia ahsante. Nikatia chambo cha kamba, nikarusha, nikangoja. Maji yakajaa, miguu ikafa ganzi, si changu si tasi. Bakari keshazikusanya zile mbili, kazikumbatia kwapani, aingojea ya tatu. Moyo wangu ulikuwa umeshuka, sikufichi. Nilikuwa nikikuomba radhi.

Ndipo ikashikwa! Ikainama mpaka nikadhani imevunjika, rili inayokunja mshipi ikalia, mshipi ukatoka mbio. Kolekole, samaki mwenye nguvu kama punda! Bakari anapiga kelele, vuta, vuta, vuta! Na mikono yangu ilitaka kuvuta, unaijua ilivyo na pupa. Lakini nikakumbuka neno ulilonambia mara moja nilipokuletea chai pale pale mwambani, samaki akikuvuta: "Mwache aseme. Akimaliza, utasema wewe." Nikamwacha kolekole. Akasema, akatukana, akafoka, akaenda huku na huko, fimbo imemwinamia tu. Alipogeukia mawe nikaegemea nyuma, kiuno kikakataa, naye akarudi. Kisha akachoka. Nikamleta taratibu.

Na hapo, nimelowa mpaka kilembani, ndipo nilipofahamu. Lo, Baba Mwanaidi! Kumbe miaka yote ile kolekole nilikuwa mimi! Nikifoka, wewe waniinamia. Nikitaka kuivunja nyumba kwa hasira, kama ile mara nilipofunga nguo zangu niende kwetu nisirudi, kiuno chako kikakataa, ukasimama mlangoni kimya mpaka nikachoka. Hukunichana hata siku moja. Nikacheka na kulia pale juu ya mwamba, Bakari akadhani nimepagawa.

Fimbo zimebaki. Hata hivyo ile nene nimempa Bakari kwa hiari yangu, wamefanana, hawainami wote wawili. Kolekole tulimpika mchuzi wa nazi, na bakuli moja nikampelekea mkewe ili naye ale aibu ya mumewe.

Mwanaidi ndiye aliyeurithi ulimi wangu. Juzi kanifokea kwa kuwa chambo kimenuka ndani ya friji, kafoka mpaka machozi, na sote wawili tulijua kwamba analilia kitu kingine. Nilitaka kumjibu. Nikainamisha kichwa. Aliponyamaza nikamwuliza, umemaliza, mama? Akaniangukia begani akakuita, "Baba!" Nakuahidi nitamlea hivyo, kichwa kikubali, kiuno kikatae, asiniponyoke wala asichanike.

Kwaheri, mume wangu. Mola akupe nafasi kaburini na akupe nuru. Nimesema mengi kama kawaida yangu, na kama kawaida yako umenisikiliza tu. Haya, nimemaliza. Sasa sema wewe.

Mkeo,
Mama Mwanaidi