Wawira Amekataa Mkanda

Mama,

Nimemaliza shule. Ng'ombe namkama mimi siku hizi. Na dada Wawira ana mimba pevu, anaweza kujifungua wiki hii. Ndiyo maana naandika. Naogopa, na hapa nyumbani sina wa kumwambia.

Amekataa kwenda hospitali ya Embu mjini. Hataki kulazwa na ule mkanda wa mashine tumboni, wa kupima moyo wa mtoto. Anataka kituo cha hapa Kanja, awe akitembea, na muuguzi amsikilize mtoto mara kwa mara kwa kifaa cha mkono. Muuguzi amekubali kwa sababu mimba haina shida. Ila alimwambia, "Moyo ukibadilika tunakupeleka mjini. Hapo hakuna mjadala."

Shangazi alichemka. "Mtoto ni githeri? Unafunua sufuria, unachungulia, unafunika?"

"Hata githeri, Shangazi, ukiikodolea macho haiivi upesi," Wawira akamjibu.

Tulicheka, hata Shangazi mwenyewe. Kisha Wawira akatoka nje akalia. Alikuwa nawe siku ile, Mama. Alikusikia, ukiwa na mkanda tumboni, ukisema, "Nifungueni nigeuke kidogo." Lakini ni damu iliyokuchukua, baada ya mtoto kutoka. Si mkanda. Sijamwambia hivyo. Sijui kama anachagua kwa akili au kwa machungu. Labda kwa vyote.

Mumewe yuko Laare kwenye kazi ya miraa, kwa hiyo atakayekaa naye ni mimi. Muuguzi akishikwa na wagonjwa wengine, ni mimi wa kumwita aje asikilize. Mimi, Mama! Mimi ninayesimama dukani kwa haya mpaka niulizwe kama nimepotea. Juzi muuguzi alinipa kile kifaa nisikie. Ule moyo ulikuwa ukienda mbio kama mtu aliyevaa gambuti kwenye matope. Tangu hapo silali vizuri.

Sitamwomba abadili nia. Lakini nakuahidi, muuguzi akichelewa nitamfuata popote alipo, nimwite mbele za watu. Akisema twende mjini na Wawira akabisha, nitamvuta mpaka garini, anitukane akitaka.

Akizaa msichana ataitwa jina la mama mkwe wake, unajua desturi. Jina lako ni la binti wa pili. Kwa hiyo ni lazima Wawira arudi nyumbani mzima.

Pumzika, Mama.

Wanja wako