Unajuaje, Mwanangu?

4 Machi

Mwanangu kipenzi,

Hujambo? Kazi ya udobi hapo hotelini inakwendaje? Sisi wazima, isipokuwa mgongo wangu, na huo unaujua, mwaka wa sita sasa.

Leo nimeona maajabu. Kaka yako kanipeleka hospitali, nami nikijua ni sindano. Wakanipima, wakasema hakuna kilichovunjika. Kisha binti mmoja, mdogo kuliko wewe, kanilaza kwenye mkeka. "Mama, kunja magoti, inua kiuno." Nikamwambia, "We binti, mimi mgonjwa!" Akajibu, "Ndiyo maana." Eti kulala miaka yote hii ndiko kumenidhoofisha! Mpaka sasa nimeduwaa.

Mama yako

15 Machi

Shikamoo Mama,

Barua yako nimeisoma. Usirudi huko! Mgongo ukiuma ni kulala tu, usiguse hata ndoo. Mimi najua ninachosema. Kaka nitamvaa mwenyewe.

Mwanao

2 Juni

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Nisamehe kwa kimya. Nilirudi kwa yule binti. Kila asubuhi nainua kiuno mara kumi, halafu natembea mpaka posta na kurudi. Wiki za mwanzo niliumia, nikamtukana kimoyomoyo. Maumivu hayajaisha, ila siku hizi hayaniamrishi. Jana nimekaa kwenye cherehani nikashona gauni zima. Baba yako kasimama mlangoni mdomo wazi, chai ikampoa mkononi.

Lakini barua yako nairudiarudia. "Mimi najua ninachosema." Unajuaje, mwanangu?

Mama yako

11 Juni

Shikamoo Mama,

Swali lako limeninyima raha siku nne. Hotelini sipo tena, tangu mwaka jana. Nilikuwa nabeba mashuka yaliyolowa, kiuno kikakataa. Nikapewa mapumziko, kisha barua ya kuachishwa kazi. Nimelala humu chumbani, kwenye anwani hii hii unayoniandikia, ghorofa ya tatu, jirani ndiye ananipikia na kunipelekea barua posta. Barua zote zile za "kazi inakwenda vizuri, Mama" niliziandika nikiwa chali. Nilikukataza kwa sababu mwenyewe naogopa hata kugeuka. Usimwambie Baba.

Mwanao

30 Juni

Shikamoo Mama,

Mbona kimya? Umenikasirikia? Nijibu japo mstari mmoja.

Mwanao

2 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Karatasi hii naipitisha chini ya mlango wako, maana nimegonga mpaka vidole vinauma na nasikia kitanda kinalia humo ndani.

Sikukasirika. Nilishtuka hata kalamu ikanishinda, nikaona bora nije. Saa tisa nzima kwenye basi! Kila liliposimama nilishuka nikajinyoosha, abiria wakacheka, nami nikacheka nao. Ngazi nimezipanda zote mwenyewe, begi mgongoni.

Usikurupuke. Geuka ubavu kwanza, shusha miguu, halafu shika ukuta. Ikiuma, pumua, uendelee. Hata ukitumia saa nzima kufika mlangoni, nipo.

Mama yako