Mpunga Uliosimama Majini

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Babu yako anakohoa kidogo, ila shambani anaenda. Umeniuliza: kama viumbe vilibadilika polepole, Mungu aliumba nini? Nalala nalo, naamka nalo.

Nikiwa msichana kule kijijini Mbingu, mafuriko yaliua mpunga wetu, yakabaki mashina machache marefu. Mama akachagua hayo yawe mbegu, padri akazibariki. Msimu uliofuata maji yalirudi, mpunga ukasimama. Tukipeleka tena mbegu kanisani, nikamuuliza, "Mama, mpunga huu kauumba Mungu au mafuriko?"

"Shika kapu vizuri," akasema. "Padri anangoja."

Mpaka leo sijatulia. Kila msimu nabeba kapu lile, na swali limo ndani. Nawe lako usiliache nje ya kanisa.

Bibi yako, nikiwa hapa Lipangalala