Alama Mbili za Buluu

Nyumba ya nyuma ya karakana ya baiskeli,
Mtaa wa Mafundi.
Jumapili, tarehe nane, mwezi wa saba.

Mpendwa mjukuu wangu Kifungo, mume wangu mdogo,

Salamu zangu zikukute umeshiba na umevaa sweta. U mzima? Kifua kinakusumbua bado kwenye baridi hiyo? Mimi nipo. Magoti yanalalamika na meno niliyobakiwa nayo hayaelewani, lakini napumua. Nyumba ndiyo haijazoea. Cherehani ya mama yako bado ina gauni la shule la mtoto wa watu chini ya sindano, na sijapata moyo wa kulitoa.

Unajua mimi darasani sikuingia hata siku moja, basi usishangae kuona maneno yamenyooka hivi. Anayepiga chapa ni yule dada mwenye duka la kompyuta ng'ambo ya barabara, tunayemwita Fundi. Mimi nasema, yeye anabonyeza. Nimemkataza asinipambe. Hii anaiita barua pepe, barua isiyo na bahasha wala stempu. Mjomba wako ndiye aliyetoa anwani yako.

Sasa nisikilize. Mjomba wako kaniambia uliyomwambia kwenye simu. Kwamba ulimtumia mama yako sauti kumwomba radhi, ukaona alama mbili zimegeuka buluu, ukangoja jibu tangu adhuhuri, na jioni ukaambiwa ametutoka. Nasikia ulisema hivi: "Aliisikia akanyamaza. Kimya chake ndilo jibu. Nyumba ile sikanyagi tena."

Maneno hayo sikuyaelewa. Buluu ya nini? Alama za nini? Nikajifunga kitambaa kichwani, nikachukua simu ya mama yako, nikavuka barabara. Nikamwambia Fundi anifundishe kama anavyofundisha mtoto, asinionee haya.

Wewe haya unayajua, lakini vumilia niyaseme nilivyoyapokea. Mtandao ni mashine nyingi za dunia nzima zilizofungamana, nyingine kwa waya, nyingine hewani, zikipeana habari. Simu nayo imo, ni kompyuta ya mfukoni. Ujumbe haurushwi kutoka kwako hadi kwetu kama jiwe. Unapitia kwanza kwenye mashine kubwa isiyolala, inayoitwa seva. Nikauliza, je, simu ya mpokeaji ikiwa imezimika? Akasema seva inaukaribisha, inaukalisha, unangoja kama mgeni sebuleni. Hapo mtumaji anaona alama moja: umeondoka. Simu ikiwaka na kupata bando, ujumbe unaingia, alama zinakuwa mbili. Zikigeuka buluu, ujumbe umefunguliwa.

Nikamuuliza umefunguliwa na nani. Fundi akasema, "Bibi, hilo mashine haijui. Inajua kidole tu, haijui ni kidole cha nani."

Nikakaa chini pale pale dukani.

Kifungo, kidole kilikuwa changu.

Mama yako alifariki alfajiri. Mjomba wako alipokupigia jioni alisema amefariki leo, saa hakutaja. Simu ilikuwa imeisha chaji tangu juzi yake, imelala kwenye droo ya cherehani pamoja na chaki na lile kopo la vifungo ulivyokuwa ukimeza hadi ukapewa jina. Siku zile hakuwa na nguvu ya kuinua kikombe, sembuse simu. Adhuhuri nikaichomeka kwenye umeme, nitafute rafiki zake wapewe habari. Nywila yake ni ya kuchora kwa kidole juu ya kioo. Herufi sizijui, lakini mkono wa mwanangu naujua: alichora kama anayekata kwapa la gauni. Ikafunguka. Ikalia, ikalia tena, picha yako ikatokea na mshale mdogo kando yake. Nikabonyeza mshale.

"Mama, ni mimi. Nilikosa. Nisamehe, nataka kurudi nyumbani."

Nikainuka, nikaingia chumbani alikolazwa, nikamfunua shuka usoni, nikaiweka simu sikioni mwake, nikabonyeza tena. Alikuwa wa baridi. Maiti haisikii, na mimi si mtu wa kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Lakini nilimwekea hadi mwisho. Niliona ni haki yake na ni haki yako. Kumbe huko uliko buluu ilikuwa inawaka, nawe ukaiona kama mlango unaofungwa.

Basi hakukunyamazia. Hakuisikia. Lililo chungu zaidi silijui, yote mawili nimeyaonja. Mjomba wako alitaka nikwambie kwamba aliisikia akatabasamu. Nikamwambia hilo akamdanganye mkewe.

Lipo jingine, na hili nimelifumbua mwenyewe. Tangu mlipotupiana maneno ukaondoka bila kuaga, jina lako halikutoka kinywani mwa mama yako. Vichwa vigumu wote wawili, aliyezaa na aliyezaliwa. Lakini kila alasiri alisimamisha cherehani, akachukua simu, akachora ule mchoro wake, akatazama, akaiweka chini, akaendelea kushona. Nilipomuuliza anatazama nini, alijibu, "Naangalia kama mvua itanyesha." Siku nyingine akasema hakuna dalili, na siku hiyo akawa hasemezeki. Mimi niliamini ni mvua.

Juzi Fundi akafungua jina lako humo simuni. Chini yake pakatokea neno dogo. Akanisomea: "mtandaoni." Akasema linatokea pale tu mwenye jina anapokuwa ameshika simu yake, yuko macho, yuko hai.

Mvua yenyewe ndiyo hiyo, mjukuu wangu. Mlisimama pande mbili za mlango mmoja, kila mtu akingoja mwenzake abishe hodi. Nimewakasirikia wote, yeye zaidi, maana amekwenda kabla sijamgombeza.

Simu yake sasa iko kwangu. Chaji haiishi, bando naweka. Namba usiifute. Fundi amenifundisha kitufe cha sauti: nakishikilia, nasema, nakiachia, sauti inaondoka. Na alasiri nami naitazama mvua. Jana ilinyesha kidogo.

Mjomba wako anakusalimu, ingawa nimemnunia. Mdogo wako wa kike anakusalimu sana. Anataka kulimalizia yeye lile gauni, nami nimemkubalia. Fundi naye anakusalimu, ameacha kupiga chapa mara mbili afute macho. Mungu akulinde ulalapo na utembeapo, akulainishie huo moyo wa kurithi.

Tuma neno kwenye namba ya mama yako. Hata hodi tu inatosha. Zikigeuka buluu, ujue ni kidole changu, na safari hii utajibiwa.

Wako akupendaye hata ukinuna,
Bibi yako, mkeo wa kwanza.