Gari la Baba Limenyamaza

Jumamosi, 3 Mei

Injini mpya imekaa! Ya zamani iko chini, juu ya matairi mawili chakavu, inavuja mafuta kidogo kidogo. Hii mpya imetoka kwenye pikapu ya juzijuzi iliyogongwa nyuma. Ina kompyuta yake. Gari lenyewe tunakaribiana umri. Kaka anasema sehemu ngumu imekwisha. Mafundi wote husema hivyo. Yeye mitambo, mimi viti na mazulia — karakana moja, milango miwili, ugomvi mmoja usioisha juu ya nani kaiacha kompresa inawaka.

Baba amekuja kuona. Akalizunguka, akaweka kiganja juu ya boneti. "Linawaka kweli hili?" Kaka akacheka mpaka akakohoa. Baba naye akacheka, baadaye kidogo.

Mama hakuja. Gari hili yeye analiita mke mwenza. Alilivumilia tangu ujana, lakini siku hizi hapandi kabisa: kichwa kinamuuma, na mtu akitaka kusema neno humo ndani lazima apayuke. Ametoa sharti. Atapanda siku atakayoweza kuongea na mumewe humo kwa sauti ya sebuleni. Kaka kaona sharti jepesi. Bila shaka — limeniangukia mimi.

Jumatatu, 5 Mei

Nimevua kila kitu ndani. Viti, zulia, dari. Limebaki bati tupu na vumbi la porini. Baba alikuwa dereva wa wapima ardhi. Magari chakavu ya ofisi yalipouzwa, akanunua lile lile alilokuwa akiendesha. Chini ya kiti cha nyuma nimekuta kigingi cha kupimia na soksi moja ya mtoto. Yangu au ya kaka, sijui. Nimeitupa.

Nimebandika karatasi za lami, zile za kumeza sauti. Unazipasha moto, unazikandamiza kwa rola mpaka mikono iwake. Nikigonga bati kwa ngumi sasa halilii. Linaguna tu. Furaha ya kazi hii ni ndogo na huna wa kumsimulia.

Alhamisi, 8 Mei

Gari linatetemeka. Likisimama, kioo cha pembeni kinacheza mpaka humwoni aliye nyuma yako. Kisa: kaka kaifunga injini mpya kwenye raba zilizokuwa zikibeba injini ya zamani, ngumu kama kisigino, amezichonga tu zitoshe. Nikamwambia kamvalisha bwana harusi gambuti. Hakucheka. Ameagiza raba laini, za pikapu ile ile ilikotoka injini.

Baba kalijaribu likiwa hivyo hivyo, mpaka barabara kuu na kurudi. Kashuka anatabasamu hadi magego yanaonekana. "Hili sasa ndilo gari!" Kaka akamwambia asubiri, bado tunalisafisha. "Mnasafisha nini? Linaongea vizuri."

Jumapili, 11 Mei

Nimeshinda kwa wazazi. Televisheni inanguruma, mtaa mzima unapata taarifa ya habari. Mama anaongea juu yake, amezoea. Watu wa kelele sisi. Nimerudi kwangu, nimeoga, nimelala mapema.

Jumatano, 14 Mei

Raba laini zimefungwa. Zulia limeingia, dari imeingia, mipira ya milango mipya. Nimejifungia ndani peke yangu, injini inawaka — nikasikia saa yangu ya mkononi! Nilifurahi mpaka nikajionea haya.

Kaka akapanda, akavuta mlango. Tukakaa. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuharibu ule ukimya. Mwisho akasema, taratibu kabisa, "Mama atapanda."

Ijumaa, 16 Mei

Siku mbaya. Baba kalichukua kulijaribu. Limemzimikia mara tatu kabla ya kutoka getini. Yeye! Mtu aliyevusha gari hili mito ambayo hata trekta ililala! Kufika barabarani, gia ya pili, mshale wa kasi ya injini unapanda, unapanda, injini inakaribia kuruka — habadilishi. Kaka aliyekaa kando yake akapiga kelele: badilisha! Ndipo akabadilisha.

Akashuka amekunja uso. "Mmeliua." Kaka kapandwa na hasira, kamwambia mzee anashindwa kukubali vitu vipya. Baba kamwambia yeye aliendesha kabla kaka hajajua kujifuta kamasi. Wameachana hivyo.

Mimi nilikuwa nyuma, nikishika kiti ambacho sijamaliza kushona. Nimeona kitu. Mkono wake haukutoka juu ya gia hata mara moja. Kiganja kimetulia pale, kama anayepima homa ya mtoto. Alikuwa anangoja kitu. Sijui nini.

Jumamosi, 17 Mei

Mama kapanda! Viatu vya kutokea, mkoba mapajani, anakagua mshono wangu kwa kucha. Akasema haya, mke mwenza kaoga. Limezimika mara moja tu, kisha tukaondoka.

Akaanza kuongea. Paa linavuja tena. Dada yake, mama yetu mdogo, kahamia nyumba kubwa na yuko peke yake. Sauti ya sebuleni, kama alivyotaka. Halafu akasema jambo ambalo halikuwa la masikio yangu: kwamba safari zote zile, miaka yote, alikuwa akikaa pale akitamani waongee. Hata upuuzi tu.

Baba alitazama barabara.

"Nimesema kitu, baba watoto."

Baba akawasha indiketa, akakata kona. Nyuma yetu lori lilikuwa linapiga honi muda mrefu, linataka kupita. Hakusogea kando. Mama akafunga zipu ya mkoba. Tulipofika nyumbani hakusubiri kufunguliwa mlango.

Baba akanigeukia, uso umemchanua. "Mama yako kalipenda, eh?"

Jumatatu, 19 Mei

Baba kaja karakana peke yake, kaka kaenda kununua vipuri. Kakaa kwenye usukani anafuta dashibodi. Mimi kiti cha nyuma, nabana vifungo vya zulia. Nikasema, kwa sauti ya kawaida, "Baba, boneti inatoa moshi."

Anafuta.

"Baba, tumeuza gari."

Anafuta. Sikupandisha sauti. Nikamgusa bega — akaruka! Tukatazamana kwenye kioo. Sikuhitaji kuuliza.

Kasema imekwenda pole pole, miaka. Nyumbani anaangalia midomo, na televisheni inamsitiri. Ndani ya gari ndimo alimokuwa mzima kabisa, kwa sababu kila mtu alipayuka. Na gari lenyewe hakulisikiliza kwa masikio. Kanionyesha kiganja, kisha kajipiga makalio bila haya. "Lilikuwa linanisemesha hapa na hapa. Mkaja na raba zenu."

Raba za kaka, lami yangu. Tumemziba mtu masikio aliyokuwa amebaki nayo, na tumejipongeza.

Nikamwambia Mama lazima ajue. Kanishika mkono. "Atachukua funguo. Na atakuwa na haki, ndiyo maana usimwambie. Bora adhani nimenuna." Anataka raba ngumu zirudi. Nikamwuliza: na lori la juzi, nalo utalisikia kwa makalio? Akarudi kufuta dashibodi. Safari hii nina hakika alinisikia.

Nimemwonea huruma na nimemkasirikia, vyote kwa pamoja, na hakuna kilichomshinda mwenzake.

Jumatano, 21 Mei

Nimempa kaka nusu ya habari: mzee anataka raba ngumu. Spana imeruka mpaka ukutani. Kazi yote ile! Nikamwacha apoe. Mchana kazifunga, anasonya kila akikaza nati. Mimi nimeng'oa zulia na lami upande wa dereva, chini na mlangoni. Upande wa abiria sijagusa. Kwa hiyo gari sasa ni nusu karakana, nusu sebule. Kazi ya ajabu kuliko zote nilizowahi kufanya, na mshono wa katikati umenyooka.

Kaka hajaniuliza sababu. Nadhani hataki kuijua.

Baba kalijaribu. Halikuzimika. Kabadilisha gia kama zamani, bila kuangalia mshale hata mara moja. Nimeshindwa kutofurahi.

Ijumaa, 23 Mei

Mama kapiga simu asubuhi. Anakwenda kwa mama mdogo. Nikasema vizuri, kapumzike. Kasema hapana, si kupumzika.

"Nilimvumilia nikijua ni kelele za gari. Gari limenyamaza, na yeye kanyamaza. Anajitia hamnazo, mwanangu. Katia pamba masikioni asinisikie mimi, mkewe."

Jibu lilikuwa mdomoni. Nimelimeza. Nikasema, "Mama, subiri kidogo."

"Nisubiri nini?"

Sikuwa na la kumpa ambalo si siri ya Baba.  Mama kasema Baba mwenyewe ndiye atakayempeleka kesho; kamwambia anaondoka, naye kaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa chakula tayari.

Nimempigia Baba. Alo, alo, alo — kakata. Sasa najua kwa nini hapendi simu. Nikaenda mwenyewe, nikamkuta uani anaosha vioo vya gari. Nikasimama mbele ya uso wake, nikasema kila neno kwa midomo mipana: Mama haendi kutembea. Mwambie leo. Kapauka. Kasema atamwambia. Njiani, kasema, kesho, wakiwa wawili.

Nikamwambia nami napanda.

Jumamosi, 24 Mei

Naandika kiti cha nyuma, kizuizi cha reli kimeshushwa na mbele yetu kuna foleni ndefu. Kuandika kunanipa kisingizio cha kuinamisha uso. Mwandiko wa mwanzo ni mbaya, raba ngumu.

Mabegi ya Mama yako kando yangu. Kapakia na mto wake wa kulalia. Baba kaendesha vizuri mno asubuhi yote, kiganja juu ya gia, na hajasema lolote. Kila tulipopita mahali pa kuegesha nimemtazama kwenye kioo. Kila mara kakwepesha macho.

Sasa kazima injini. Wote waliosimama wamezima. Treni bado haionekani.

Kimya kabisa humu ndani. Kazi yangu.

Mama kasema. Hakugeuka, kasema akitazama kioo cha mbele, chini kuliko sauti ya sebuleni: "Ukiniambia nirudi, narudi. Neno moja tu, baba watoto."

Baba anatazama reli. Mkono uko juu ya gia na gia haimwambii kitu.

Mama anangoja. Kidevu chake kinatetemeka, na injini imezimwa.

Baba kaona kitu — pembeni mwa jicho, midomo ya Mama iliyokwisha kufumba. Kachelewa kuisoma. Ananitafuta kwenye kioo. Bila sauti, midomo tu, mipana, kama nilivyomfanyia mimi jana: Kasema nini?

Mama kageuka. Kamwona.